Oveni Iliyokuwa Kabati la Sufuria

Mzee Tarsis aliuza sufuria kwa jumla pale Kariakoo tangu akiwa kijana mwenye kiuno chembamba mpaka akawa mzee mwenye daktari wake. Sufuria, ndoo, mabeseni, hotpoti, vifuniko visivyo na sufuria na sufuria zisizo na vifuniko. Kazi ilimpa macho. Ukimpa sufuria ya pilau alikutajia uzito wake bila mizani, na mteja akisimama mlangoni alijua kama amekuja kununua au amekuja kukwepa jua. Siku alipomkabidhi duka mwanawe Godbless, wafanyabiashara wenzake walimpongeza na kumwambia sasa akapumzike. Akarudi nyumbani, ghorofa ya tatu, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi, akapumzika. Kabla wiki haijaisha, alikuwa amechoka kupumzika.

Nyumbani kulikuwa na utaratibu, na yeye hakuwemo. Mkewe, Severa, alikuwa ameiendesha nyumba ile miaka yote ambayo mumewe aliijua usiku tu. Kila asubuhi alideki sebule. Akifika mbele ya kochi la mumewe, lililotazamana na televisheni, alisimama na tambara la kudekia mkononi.

"Baba Joyce, inua miguu."

Tarsis aliinua. Tambara likapita.

"Shusha."

Akashusha. Maneno hayo hayakuwa na ubaya wowote, na ndiyo maana yalimuuma. Angetukanwa angejua la kujibu. Mtu aliyekuwa akiyaamuru malori yarudi nyuma katika Mtaa wa Kongo, na yakarudi, sasa kazi yake ya asubuhi ilikuwa kuinua miguu. Hakumwambia mtu, lakini aliogopa. Aliwajua wazee waliostaafu wakakaa kwenye kochi, na aliwazika wengi wao.

Ndipo akaikumbuka oveni.

Lilikuwa jiko la umeme la plate nne, chini lina oveni yenye kioo na kidirisha cha namba. Tarsis alilipata zamani kwa mfanyabiashara mmoja wa makontena, wakabadilishana kwa sufuria. Severa alilitumia mara moja. Alikaanga yai, akaenda kuitazama Luku, ile mita ya umeme, ilivyopungua, akarudi kwenye gesi na mkaa wake. Tangu hapo oveni ikawa kabati. Hakuna aliyeamua hivyo. Sufuria moja iliwekwa humo kwa muda, nayo ikawaita wenzake, na ukiingia nyumba nyingi za mji huu ukafungua oveni utakuta mambo ni yale yale. Oveni za Dar zimeoka vitu vichache sana, lakini zimetunza sufuria vizuri.

Binti yao Joyceline, aliyeolewa Mwanza, alikuwa amemtumia mama yake video ya mtu anayeoka mkate. Severa hakuitazama. Tarsis aliitazama mara nyingi kuliko alivyowahi kutazama mpira. Kisha akamwendea mkewe jikoni kwa adabu, kama mtu anayeomba kupangishwa chumba, wakakubaliana. Jumatano na Jumamosi oveni itakuwa oveni. Siku nyingine itarudi kuwa kabati.

Kwa hiyo kila Jumatano sufuria zilitoka, zikapangwa sakafuni, juu ya friji, na nyingine kwenye kochi la Tarsis, ambalo siku hiyo halikuwa na mtu. Tarsis akavaa aproni iliyoandikwa jina la kiwanda cha mabati, akakanda, akasubiri unga uumuke, akaweka joto alilolionyesha yule mtu wa kwenye video. Oveni ilikuwa na kengele ya kutangaza kwamba joto limefika. Ilichelewa sana kulia. Ilipolia, mkate ukaingia, na baada ya muda ukatoka mweusi juu kama kisigino cha sufuria ya mkaa, na ndani ukiwa bado unga mbichi.

Tarsis hakukata tamaa. Mfanyabiashara wa Kariakoo bidhaa ikiharibika kwanza humlaumu aliyemuuzia. Akalaumu unga. Akabadilisha unga, mkate ukaungua. Akailaumu hamira. Akanunua nyingine, akamuuliza muuzaji kama ni ya mwaka huu, na muuzaji akaapa kwa mama yake. Mkate ukaungua. Akaulaumu umeme, kwamba umekuwa mkali mno. Jirani wa chini akamwambia umeme wa kwake ni huo huo na feni yake inazunguka kama kawaida. Mwisho akamlaumu mtu wa kwenye video, kwamba huko aliko ni baridi na joto lao si joto letu. Hoja hii aliipenda, akaishikilia majuma kadhaa. Kila baada ya kuoka aliisafisha oveni mwenyewe kwa kitambaa laini, kuta, kioo, mpaka kile kijiti cha fedha kilichochomoza ukutani kwa nyuma. Kijiti alikifuta kwa uangalifu zaidi kwa sababu kiling'aa, naye alikuwa mtu wa kuheshimu kitu kinachong'aa.

Mikate ile haikutupwa. Jumuiya yao ndogo ndogo ya kanisa ilisali Jumamosi alfajiri kwa zamu nyumba hadi nyumba, na Tarsis aliibeba mikate yake popote walipokwenda, ikanywewa chai. Watu wa jumuiya ni waungwana. Waliukwangua weusi kwa kisu, wakaukwepa ubichi wa katikati, wakala kile chembamba kilichobaki baina ya hayo mawili.

"Mkate mzuri, baba," alisema Mama Jovitha, mwenyekiti wa jumuiya, kila wiki. "Una harufu ya moshi kidogo. Kama wa kwetu."

Kwao Mama Jovitha ni Kibosho, na huko hakuna aliyeoka mkate wa moshi tangu dunia iumbwe. Tarsis alimwamini.

Severa hakuamini. Wiki ambayo zamu ya sala ilikuwa inakuja kwao, alisubiri mumewe amalize kula, akakaa mbele yake.

"Baba Joyce, Jumamosi jumuiya inakuja hapa. Hapa, siyo kwa mtu mwingine."

"Najua. Nitaoka mikate miwili."

"Wakienda kwa watu wakala mkaa wako, aibu ni ya njiani. Wakija kwangu wakala mkaa, aibu ni ya nyumba hii. Mimi nakwambia kwa heshima. Ukiwalisha mkaa, hiyo oveni inarudi kuwa kabati, na haitoki tena."

"Na mimi?"

Severa alitazama sebuleni. "Si kochi lako lipo?"

Usiku huo Tarsis hakulala vizuri. Asubuhi alimpigia Fundi Khalfani.

Khalfani alikuwa fundi wa majiko na friji, mtu wa Lindi, mnene kiasi, mwenye kibanda karibu na shimoni, ile sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi, na simu isiyopokelewa mara ya kwanza. Alikuja na begi lake, akasalimia mlangoni.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, Khalfani. Oveni inaunguza."

"Inaunguza juu au chini?"

"Juu inaunguza, ndani haiivi."

"Hapo inadanganya joto," alisema Khalfani, akaingia jikoni, akaruka sufuria zilizokuwa sakafuni bila kuuliza. Kwa fundi wa Dar, kuruka sufuria mbele ya oveni ni sehemu ya kazi.

Alikuwa na kipimajoto chake cha duara, cha chuma. Akakiweka juu ya wavu ndani ya oveni, akafunga mlango, akawasha. Wakachuchumaa wote wawili mbele ya kioo kama watu wanaotazama mechi. Mshale wa kipimajoto ulipanda. Namba za kidirishani nazo zilipanda, lakini kwa uvivu. Mshale ukafika pale Tarsis alipopahitaji, ukapapita, ukaendelea. Kidirisha bado kilikuwa kinasema oveni ina joto la chai.

"Unaona?" alisema Khalfani. "Humo ndani kuna moto wa kuchomea tofali, lakini jiko lenyewe halijui. Linaendelea kuchochea tu."

Tarsis aliona. Alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu ampe mwanawe funguo za duka. Kumbe si mkono wake.

"Sasa nani anayeliambia jiko joto ni kiasi gani?" aliuliza.

"Kuna kitu kinaitwa sensa, mzee. Ni kijiti tu. Kikipata joto, umeme unapita kwa shida zaidi, na jiko linaihesabu ile shida. Ngoja nikipime."

Alizima, akachomoa waya ukutani, wakala machungwa wakisubiri oveni ipoe. Kisha wakalivuta jiko mbele. Nyuma yake kulikuwa na vifuniko viwili vya sufuria ambavyo Severa alikuwa amevitafuta miaka mingi. Khalfani akafungua bati la nyuma, akazichomoa nyaya mbili za sensa, akagusisha ncha za mita yake.

"Elfu moja na mia moja na kitu," alisoma. "Kwa joto hili la Dar, hii sensa iko poa kabisa."

"Iko poa?"

"Freshi. Ingekuwa imekufa isingesoma kitu, au ingesoma maajabu." Akazitikisa nyaya, mita haikuyumba. "Na waya mzima. Basi mzee, hapa ni bodi. Ile akili ya jiko. Na bodi ya jiko la zamani hivi hapa mjini sijawahi kuiona. Labda iagizwe."

"Itafika Jumamosi?"

Khalfani alimtazama kwa huruma. "Mzee, labda Jumamosi ya mwakani."

Tarsis alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Aliliona kochi kupitia mlangoni, na alihuzunika waziwazi, mdomo ukamwanguka kama mtoto. Khalfani hakupenda kuona hivyo. Fundi hupenda mteja anayegombana naye. Mteja anayehuzunika humfanya fundi apime mara ya pili.

"Ngoja," alisema. "Nimeipima ikiwa baridi. Tuipime ikiwa ya moto."

Akarudisha nyaya, akawasha tena, akasubiri mshale upande juu kabisa. Akazima, akachomoa waya wa ukutani, akakimbilia nyuma na mita. Akasoma. Akainama kutazama kipimajoto kwenye kioo. Akasoma tena.

"Daah. Si bodi. Ni sensa yenyewe inayosema uongo. Baridi inasema kweli, moto inasema uongo." Alikuna kichwa. "Yaani haisikii. Joto linafika kwake kwa kuchelewa, kama mtu aliyelala kajifunika shuka."

Oveni ilipopoa tena, akafungua mlango, akaingiza kichwa na tochi. Alikaa humo muda. Sauti yake ilipotoka ilikuwa na mwangwi.

"Mzee, hii sensa mbona nene?"

"Nene vipi?"

"Nene kama kidole gumba. Sensa huwa nyembamba kama penseli, hata chini ya hapo."

Tarsis alitabasamu. Hapa walikuwa wameingia kwenye elimu yake. "Khalfani mwanangu, hilo jiko ni la zamani. Vitu vya zamani vilikuwa vizito. Hata sufuria za zamani, ukiipima ya sasa na ya zamani, ya zamani inazidi. Siku hizi wanapunguza kila kitu."

Khalfani akaingiza na mkono. Kulikuwa na mlio mdogo wa kukwaruza, wa kucha kwenye karatasi ya bati.

"Msikichane hicho!"

Severa alikuwa mlangoni na kapu la sokoni. Aliliweka chini.

"Hicho nimekivisha mimi," alisema. "Msikichane, kitachubua sufuria."

Khalfani alitoa kichwa ndani ya oveni, masizi puani, akamtazama mama, akamtazama mzee, akaamua kutazama tochi yake.

"Umekivisha nini, Mama Joyce?" aliuliza Tarsis taratibu.

"Kipande cha blanketi. Juu yake foili, ulipoanza mambo yako ya kuoka, blanketi lisiungue. Hicho kimsumari kinachoma sufuria matako kila ninapozirudisha humo ndani. Kwani kina kazi gani? Nilijua wenye kiwanda wamesahau kukikata."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ingawa hawakusema kama nguo yenyewe ni ya blanketi. Khalfani akaifungua foili tabaka kwa tabaka. Ndani yake lilitoka blanketi la buluu lililoungua likawa jeusi, na harufu iliyojaa jikoni Tarsis aliitambua mara moja. Ni ile harufu ya moshi. Ni ile ya kwao Mama Jovitha. Jumuiya nzima ilikuwa imekula blanketi kwa miezi, na ikashukuru.

Chini ya hayo yote kulikuwa na kijiti chembamba, safi, kilichonyooka. Hakikuwa na kosa lolote.

"Kwa nini hukuniambia?" sauti ya Tarsis ilipanda.

"Ulikuwa unakifuta kila ukimaliza kuoka. Nikajua umekiona, umekikubali."

"Nilidhani ndivyo kilivyo! Nimebadilisha unga, nimebadilisha hamira, nimegombana na mtu wa hamira mpaka kaapa kwa mama yake! Kisa sufuria! Kwani nyumba ya watu wawili inahitaji sufuria zote hizi za nini?"

Severa hakupandisha sauti. Aliinama, akaokota sufuria iliyokuwa karibu na mguu wake, akaigeuza. Ilikuwa imebonyea ubavuni.

"Hii ilianguka mkishusha lori, mwaka aliozaliwa Godbless. Ukaniletea." Akaokota nyingine. "Hii haikupata kifuniko. Ukaniletea. Hii mteja wa Ifakara aliirudisha, ina tundu la sindano sikioni. Hii hapa ilikuwa ya mwisho kwenye boksi, hakuna aliyetaka kununua moja. Ukaingia nayo hapo mlangoni, ukasema, Mama Joyce, zawadi yako. Kila mara ulisema hivyo."

Tarsis aliipokea ile ya mwisho, akaigeuza.

"Zawadi haitupwi," alisema Severa. "Lakini ulikuwa unaleta na kuondoka. Miaka yote umewauzia watu vyombo, hukuwahi kuniuliza mimi vya kwangu naviweka wapi. Ndiyo nikaviweka humo. Na nikaona zinachubuka, zenyewe zimeshabonyea, nikasema angalau zisichubuke zaidi."

Khalfani alikuwa amepata kazi ya haraka sana nyuma ya jiko. Alirudisha bati na kukaza kila skrubu, hata zile ambazo hakuwa amezilegeza.

Tarsis alizitazama sufuria. Yeye ambaye alijua uzito wa kila chombo, hakuwa amewahi kujua kwamba zile takataka za duka, vitu alivyovileta nyumbani kwa sababu havikuuzika, mtu alikuwa amevihesabu kuwa ni zawadi na akavifunga blanketi visiumie. Aliona aibu. Haikuwa aibu ya mkate. Ilikuwa aibu kubwa zaidi, na hakuwa na wa kumlaumu, maana safari hii hakuna aliyemuuzia kitu.

"Pole, mke wangu," alisema.

"Asante. Hebu pisha nipite, nyama inaharibika."

Jumamosi alfajiri Tarsis alioka mikate miwili. Kengele ilimshtua kwa kuwahi kulia, akadhani imeharibika na yenyewe. Mikate ikatoka na rangi ya maandazi ya mtu anayejua. Jumuiya ikaja, ikasali, ikaimba, ikaletewa chai.

"Mkate mzuri, baba," alisema Mama Jovitha, kwa sauti ile ile ya kila wiki.

Tarsis alimtazama asijue la kufanya na sifa hizo. Walikuwa wameyatumia maneno yote mazuri kwenye ule mbaya, sasa hawakuwa na akiba. Lakini hakuna aliyeomba kisu cha kukwangua, na Mama Jovitha, alipodhani hatazamwi, alifunga vipande vitatu kwenye leso akavitia mkobani. Sehemu ya mwisho, ile ncha ngumu, aliichukua Severa. Aliila amesimama jikoni, mgongo akiwa ameupa mlango, taratibu, mpaka ikaisha. Tangu mumewe aanze kuoka hakuwa ameonja hata mara moja.

Jumatatu Tarsis alikwenda Kariakoo, akapita mbele ya duka lake bila kuingia, akanunua shelfu ya chuma yenye ngazi tano. Wabeba mizigo wakaipandisha mpaka ghorofa ya tatu. Ndipo ilipoonekana kwamba jikoni haiingii. Koridoni ikiwekwa hapiti mtu. Ukuta pekee wa nyumba nzima ulioitosha ulikuwa sebuleni, mbele ya televisheni, pale lilipokaa kochi.

"Basi irudishe," alisema Severa.

Tarsis alilitazama kochi lake. Lilikuwa na shimo la umbo lake. Akaliinamia, akalisukuma mwenyewe, akihema, mpaka nje kwenye ngazi, akampigia jirani wa chini aje alichukue. Kisha akazipanga sufuria zote kwenye shelfu, kubwa chini na ndogo juu, zilizobonyea zikageuziwa ukutani, kama alivyokuwa akizipanga dukani. Alimaliza jioni. Severa alikuja kutazama. Akazigeuza zilizobonyea, moja baada ya nyingine, pale zilipobonyea pakatazama mbele, akaondoka.

Asubuhi alideki kama kawaida. Alimaliza sebule, akaingia jikoni. Tarsis alikuwa ameketi kwenye ndoo mbele ya oveni, unga mpaka kwenye nyusi, akisubiri kengele. Ilikuwa Jumanne, na Jumanne haikuwemo kwenye makubaliano. Alimwona mkewe amesimama na tambara mkononi. Bila kuambiwa, akaanza kuinua miguu.

"Wewe kaa," alisema Severa. "Nitapita pembeni."